Noti za Darasa la Nne

Tangu mwaka 2016 mtaala wa Rwanda wataka elimu ya fedha iguswe katika masomo yote. Basi hapa Nyamirambo, Kigali, darasa langu la nne lina noti zake, za karatasi ngumu, zenye muhuri wangu.

Kila mtoto ana kazi, nayo hubadilishwa kila mwezi. Afutaye ubao hupata noti 5 kwa juma. Mweka hesabu hupata 8, maana kazi yake ni nzito. Kodi ya dawati ni noti 3. Ijumaa huwa soko. Penseli ni noti 6, kwa hiyo mfuta ubao hana budi kuweka akiba majuma matatu. Kiti cha dirishani ndicho ghali kuliko vyote!

Faini kwa wachelewao sitozi. Mtoto achotaye maji bondeni alfajiri angefilisika upesi, na mwenziwe aletwaye kwa pikipiki angetajirika bure. Wala alama za mtihani sizilipii. Kusoma si kibarua. Mwenye deni la kodi hupewa kazi ya ziada, na mweka hesabu huliandika daftarini huku darasa zima likimtazama vidole.