Nyonga mpya, maumivu yaleyale: Kwa nini wakongwe wengine hawaponi

DESEMBA 2017, droo ya Kombe la Dunia ikichezeshwa Kremlin jijini Moscow, mwanaume pekee aliyelibeba taji hilo mara tatu kama mchezaji alifika akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Miguu iliyowatesa mabeki kuanzia Sweden 1958 mpaka Mexico 1970 ilikuwa imegoma.

Pelé alibadilishwa nyonga mwaka 2012 huko Sao Paulo, upasuaji ambao kwa wengi ndio mwisho wa mateso. Kwake haikuwa hivyo. Mwishoni mwa 2015 akalazimika kurudiwa upasuaji jijini New York. Mwaka uliofuata Brazil ikaandaa Olimpiki, na mtu ambaye wengi walimtarajia awashe mwenge pale Maracana akasema afya haimruhusu.

Lakini mcheki Andy Murray. Januari 2019 staa huyo wa tenisi aliwekewa chuma kwenye nyonga, Oktoba mwaka huohuo akamchapa Stan Wawrinka fainali ya Antwerp na kubeba kombe. Yeye mfupa wake ulivishwa chuma tu, haukukatwa wote, na alikuwa kijana mno kulinganisha na Pelé. Hata hivyo swali linabaki: kwa nini mmoja anapona na mwingine anabaki na kilio?

Madaktari huyaita sugu maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu baada ya upasuaji. Tafiti zinaonyesha kuwa kati ya watu 10 waliobadilishwa nyonga, kama mmoja hivi hubaki nayo. Kwa goti hali ni mbaya zaidi, takribani wawili kati ya 10. Na mara nyingi kiungo bandia chenyewe ukikipiga eksirei kimekaa sawasawa, hakina tatizo.

Kumbe ishu huanza kabla ya kisu. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na maumivu makali ya muda mrefu, au anayeumwa pia mgongo, bega na sehemu nyingine, yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Mishipa ya fahamu inayopokea maumivu miaka nenda rudi huzoea vibaya. Inakuwa kama refa anayepuliza filimbi hata pasipo na faulo: kiungo kibovu kimeshatolewa, yeye bado anapuliza.

Hapo ndipo wachezaji wanapoingia matatani. Gabriel Batistuta, straika aliyecheka na nyavu kwa miaka tisa Fiorentina kabla ya kubeba ubingwa wa Italia na Roma mwaka 2001, alitundika daluga 2005 na muda mfupi baadaye akashindwa kutembea. Amewahi kusimulia kwamba alikojoa kitandani wakati choo kilikuwa hatua chache tu, na kwamba alimwomba daktari amkate miguu. Daktari akakataa. Gegedu kwenye vifundo vyake lilikuwa limeisha, mfupa unasaga mfupa. Kifundo bandia alikipata 2019, miaka 14 baada ya kustaafu. Mwili unaokaa na maumivu muda wote huo unaingia kwenye upasuaji na deni kubwa.

Kingine kipo kichwani, na hiki wanaume wa soka hawapendi kukisikia. Sonona, wasiwasi, kukosa usingizi na ile tabia ya kuamini kuwa maumivu hayataisha kamwe, vyote vimehusishwa na maumivu sugu baada ya upasuaji. Siyo kwamba mgonjwa anajifanya. Ubongo ndio unaopima maumivu, na ubongo uliochoka hupima vibaya.

Wapo pia wanaotumia dawa kali za jamii ya morfini kwa muda mrefu kabla ya upasuaji, na wale ambao goti lao lilishapasuliwa huko nyuma, jambo la kawaida kabisa kwa mtu aliyecheza mpira. Kurudiwa upasuaji, kama ilivyokuwa kwa Pelé, nako huongeza hatari. Ajabu nyingine: ambaye picha inaonyesha goti limesagika kidogo tu ana uwezekano mkubwa wa kutoridhika kuliko aliyesagika kabisa, maana huenda maumivu yake hayatoki kwenye goti hata kidogo.

Siku za kwanza wodini nazo zina uzito. Maumivu makali yasiyodhibitiwa baada ya upasuaji ni dalili mbaya ya mbele, kwa hiyo kujikaza kiume na kukataa dawa siyo ushujaa.

Hapa nchini upasuaji huu unafanyika, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na wengi wanaobadilishwa viungo hupata nafuu. Mkongwe anayejiandaa amwambie daktari kila sehemu inayomuuma, dawa zote anazomeza na jinsi anavyolala usiku. Na miezi mitatu ikipita bado anaugulia, arudi hospitali: inaweza kuwa maambukizi, kiungo kilicholegea au mshipa wa fahamu ulioguswa, na kila kimoja kina tiba yake.