Huyo Mwenye Upanga Mdomoni Si Samurai

"Mwalimu, samurai huyu ni nani, na alichorwa kwenye vita gani?" Naulizwa Korogwe, naulizwa Handeni, na picha ni ileile ya fulana za mitumba: jamaa kauma upanga, mikono inapinda nondo za lango la maji, mishale imemzunguka.

Si samurai. Wala si Mjapani. Ni Zhang Shun, jambazi wa kwenye riwaya ya kale ya Kichina, aliyechorwa na Utagawa Kuniyoshi wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, katika mfululizo wa chapa za ubao ulioanza kutoka mwaka 1827. Vita vya kuulizia havipo.

Na samurai wa kweli waliomo kwenye chapa hizi nao hawakukaa wakachorwa. Vita vikubwa vya zama zao vilikwisha mwaka 1615. Kuniyoshi alifariki 1861, mwaka mmoja kabla ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara. Kwake yeye, kumchora shujaa wa zama zile ni kama msanii wa leo wa Korogwe amchore Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Usambara, akishuka kutoka Nguu na mbwa wake: masimulizi anayo, sura anaitunga. Tena serikali ilikuwa macho. Mwaka 1804 mchoraji Utamaro alifungwa pingu siku 50 kwa kumchora Hideyoshi, mtawala aliyekufa tangu 1598! Ndipo wachoraji wakawa wanageuza majina, mbabe wa vita Oda Nobunaga akaitwa Ota Harunaga. Sasa wewe soma jina pembeni ya picha, kalitafute kwenye historia, uone utakavyopotea.

Wengine wanataka "orijino", mchoro wenyewe wa Kuniyoshi. Ulibandikwa juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akauchonga pamoja na karatasi yake, ukaishia hapo. Chapa zote ni nakala, na Kuniyoshi hakuzichonga wala kuzipaka rangi. Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wa mchapishaji.

Unayo moja nyumbani? Chukua lenzi: ukiona vidoti vya rangi, imetoka kiwandani, itundike ufurahi. Haina vidoti? Igeuze, chapa ya mkono rangi hupenya nyuma. Ukitaka kuisafisha, limau hapana, kitambaa kibichi hapana, rangi zile ni za maji. Pasi na kulaminisha ndiyo kabisa usithubutu. Jua liwe mbali. Anayetaka samurai hasa atafute mfululizo wa Kuniyoshi wa 1847 kuhusu wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao. British Museum wanazo chapa zake mtandaoni, kuangalia ni bure.