Ugonjwa wa sukari: namba ya mashini inasema nini?

Ndugu mfanyakazi, wiki hii munganga amekuambia kwamba una ugonjwa wa sukari. Umerudi nyumbani na dawa, na mashini ndogo ya kupimia damu, na daftari la kuandika. Kesho yake unajichoma kidole, mashini inaonyesha 185. Jirani naye anakuambia kwamba yeye, kule lopitali, aliandikiwa 1,85 tu. Unashika kichwa: basi mimi nimekwisha kufa!

Hapana. Wewe na jirani mna sukari sawasawa. Mashini yako inahesabu miligramu ndani ya desilita moja ya damu. Laboratwari ya jirani imehesabu gramu ndani ya litri moja. Tena iko namna ya tatu: mashini zinazotoka Afrika ya Kusini zinahesabu kwa milimoli, na damu ile ile ingeonyesha 10,3. Ukipata namba ya milimoli, izidishe mara 18. Basi mbele ya kuogopa ao kufurahi, tazama maandishi madogo yaliyo kando ya namba. Hapa sisi tutatumia miligramu.

Mtu asiye na ugonjwa, akiamka na tumbo tupu, ana sukari kati ya 70 na 99. Ikifika 126 ao zaidi, kwa siku mbili tofauti, munganga anasema ni ugonjwa wa sukari. Walio na dawa, wengi wao wanaambiwa watafute 80 mpaka 130 mbele ya chakula, na chini ya 180 saa mbili nyuma ya kuanza kula. Kama munganga wako amekupa mipaka mingine, kwa sababu ya uzee ao figo, fuata yake.

Na ile 185 yako, ni mbaya? Hatuwezi kujibu, maana hukusema saa. Kama ulikula bukari na sombe saa mbili zilizopita, imepita mpaka kidogo tu. Kama hukula tangu jana jioni, iko juu kweli. Ndiyo maana daftari linataka saa, chakula na dawa pamoja na namba. Wewe wa kazi ya usiku, usiandike «asubuhi». Asubuhi yako unatoka kazini, umekwisha kula na kutoka jasho usiku mzima. Andika «nyuma ya kulala», kusudi munganga asibadili dawa bure.

Viko vitu vingine vinavyopandisha namba: malaria, kidonda, maumivu, woga. Hata paka anapata ugonjwa huu, na munganga wa wanyama anajua kwamba paka aliyeshikwa kwa nguvu na kuogopa anaweza kuonyesha sukari ya juu bila kuwa mgonjwa. Wengine wanaamka na sukari kuliko waliyolala nayo: ni ini linaloitoa karibu na mapambazuko, si bibi aliyeongeza sukari ndani ya chai. Na mtu aliyemenya embe, akajichoma kidole bila kunawa, anapima embe. Nawa kwa sabuni, kausha. Bandeleti zikae ndani ya chupa yao, imefungwa vizuri, mbali na jua. Usiongeze dawa kwa sababu ya namba moja. Lakini ukiona 300 pamoja na kutapika ao kupumua mbio, nenda lopitali siku ile ile.

Sasa namba ya chini, na hapa tunaomba usome polepole. Sukari ya juu inaharibu macho, figo na miguu kwa miaka. Sukari ya chini inaweza kukuangusha leo, kazini. Chini ya 70 hatari inaanza. Chini ya 54 ubongo unakosa chakula chake. Mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, anasema maneno ya ovyo. Wenzake wanacheka: amekunywa lutuku. Kama yuko juu ya kamio ao karibu na mkanda unaozunguka, si yeye peke yake atakayeumia.

Wanaoshikwa zaidi ni wenye kujidunga insulini ao kumeza glibenklamidi. Metformini peke yake, mara chache sana. Inakuja wakati umetumia dawa ukaacha kula, ao kazi imekuwa ngumu kuliko kawaida, ao umekunywa pombe na tumbo tupu: hapo sukari inaweza kushuka usiku, umelala.

Simamisha mashini, keti, kunywa vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 70, rudia. Ikipanda, kula chakula. Usirudi mbio kwenye usukani: akili inachelewa nyuma ya namba, ngoja dakika 45. Aliyezimia usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu, ita msaada. Kama unatumia dawa hizo na unaendesha, pima mbele ya kuanza. Chini ya 90, kula kwanza.

Tunajua wengi wanaficha ugonjwa huu, wakiogopa kuondolewa kwenye kamio na malipo kupungua. Woga huo si wa kijinga. Lakini mwenzako asiyejua atakuacha ulale, akidhani ni usingizi. Mwambie munganga wa kazi, na angalau mtu mmoja wa kikosi chako, na umwonyeshe mfuko ambamo sukari inakaa.

Kila miezi mitatu munganga anaweza kuomba kipimo kingine, hemoglobini A1c, kinachoonyesha sukari ya miezi yote hiyo kwa pamoja. Kama una ugonjwa wa damu wa SS, ao uliongezewa damu karibuni, mwambie kwanza, sababu hapo kipimo hicho kinadanganya, na atategemea daftari lako.