Mzee Anayetetemeka Hakurogwa

Mzee mmoja wa Kalundu, mvuvi wa zamani, alikuwa akigawa kikombe cha Meza ya Bwana. Mkono wake wa kuume ukaanza kutetemeka juu ya goti wakati wa mahubiri. Mwendo ukawa mzito, akikokota miguu. Wengine wakanong'ona, "Anakunywa pombe." Wengine, "Amerogwa." Akaondolewa katika kazi ile. Mimi muuguzi nilikuwa nimeketi pale, nikanyamaza.

Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. James Parkinson, munganga wa London, aliueleza mwaka 1817. Hauambukizi. Katika ubongo mna chembe zinazotengeneza dopamini, inayosaidia viungo kutii nia yetu. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, viungo hukawia kutii. Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman pale Kinshasa mwaka 1974, alijulishwa mwaka 1984 kwamba anao. Alikufa mwaka 2016.

Tetemeko la malaria huja na homa, kisha hupita. Hili hudumu, na mara nyingi huanza upande mmoja, mkono ukiwa umepumzika. Viungo hukakamaa, hatua huwa fupi, sauti hupungua, uso hauchangamki hata akifurahi. Mke wa mzee alituambia jambo ambalo hatukumwuliza: miaka mingi mbele ya hayo, mumewe hakusikia tena harufu ya ndagala zikikaangwa. Hiyo nayo ni dalili.

Lakini dawa nyingine, kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zaweza kuleta hali kama hii. Mkija hospitalini, leteni dawa zote mnazomeza.

Dawa kubwa ni levodopa. Haimalizi ugonjwa, inalegeza viungo. Mgonjwa aimeze nusu saa mbele ya chakula, kwa maana samaki, nyama na maharagwe vyaweza kuizuia isiingie vema mwilini. Asiiache ghafula, hata akijiona mzima, wala hata akiombewa! Kuacha ghafula kwaweza kumwua. Tumwombee, naye ameze.

Atembee kila siku. Miguu ikiganda mlangoni, msimvute, ataanguka. Simameni karibu naye, mwimbe wimbo wenye mapigo ya kutembea. Mzee wetu husimama kizingitini kama mti. Mkewe akianza kuimba, mguu wa kwanza hunyanyuka.