Kwa Nini Portia Alivaa Nguo za Kiume?

Akina mama wenzetu, wengi tuliosoma sekondari tunaikumbuka tamthiliya ya Mabepari wa Venisi, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kutoka kwa Shakespeare ikachapishwa mwaka 1969. Ilikuwa miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha, na wafanyabiashara wa Venisi wakaitwa mabepari! Shuleni tulikaa sana na Shylock na ratili yake ya nyama. Portia tulimpita haraka.

Hivi karibuni, katika kikundi chetu cha akina mama hapa Mbuchi, tulikisoma tena kitabu hicho kwa zamu, mmoja akisoma na wengine wakisuka ukili.

Mwanzoni Portia ni binti tajiri asiye na sauti. Baba yake amekufa, lakini wosia wake bado unatawala: yapo makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na mwanamume atakayechagua lenye picha ya binti ndiye atakayemwoa. Binti hachagui wala hakatai. Kwa bahati Bassanio, anayempenda, anachagua la risasi. Papo hapo Portia anamkabidhi nyumba, watumishi, nafsi yake na pete. Mama mmoja akacheka: "Katoka mkononi mwa baba kaingia mkononi mwa mume, hata pumzi hajavuta!"

Kisha inakuja habari kwamba Antonio, aliyekopa dukati 3,000 kwa ajili ya Bassanio, ameshindwa kulipa. Bassanio anakimbilia Venisi na fedha. Portia anatuma mtu kwa binamu yake Bellario, mwanasheria wa Padua, amletee mavazi na maelezo ya sheria. Anaingia mahakamani kama kijana wa kiume, Nerissa akiwa karani wake, na anausoma mkataba kuliko wote: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Antonio anapona. Akili hiyo Portia alikuwa nayo siku zote alipokuwa nyumbani akingoja makasha yafunguliwe.

Hukumu ile haitupendezi yote. Portia alihubiri rehema vizuri, kisha Shylock akalazimishwa kuwa Mkristo. Ubatizo wa nguvu si Injili, na sisi tunaoishi vema na majirani Waislamu hapa delta hatuwezi kulinyamazia.

Tuliofanya uuguzi huku tunawajua akina Portia wengi. Mama ana uchungu tangu usiku, dalili za hatari zinaonekana, boti ipo, maji yanaanza kupwa. Ndugu wanasema, "Mngojeni baba watoto." Baba watoto yuko dago, anavua kamba. Mama huyo huyo ndiye mweka hazina wa kikundi, hesabu zote anazo kichwani! Siku moja tuliondoka baada ya shemeji kufika na kusema, "Nendeni." Neno hilo mama mwenyewe alikuwa amelisema mara mbili, kwa sauti ndogo. Yeye alipona, mtoto hatukumpata. Nasi wauguzi tulikuwa miongoni mwa waliongoja.

Tukifungua Hesabu 27 tunawakuta binti za Selofehadi wakisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao, wakiwa katika nguo zao wenyewe, na Bwana akasema wana haki. Hapa nchini, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi. Hawa Mohamed ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakuongezewa kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wanawake wasiopungua 3 kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji. Wenzetu wengine wamo humo na hawajawahi kufungua kinywa.

Kikundi kimeanza na jambo dogo. Mjamzito akikaribia mwezi wa saba, tunakaa naye na mumewe pamoja. Tunaandika jina la mwenye boti, nauli inakotunzwa, na kwamba mume asipokuwepo neno la mke linatosha. Waume wawili wamekwisha kutia sahihi. Wa tatu amesema atafikiri, na mkewe yuko mwezi wa nane.

Kitabu kipo kwa katibu wetu, kurasa za mwisho zimelegea. Anayekitaka akiazime kabla ya masika.