Matende

Matende ni uvimbe wa kudumu wa mguu, pengine wa mkono au titi, unaotokana na kukwama kwa limfu katika mishipa yake. Katika nchi za tropiki kisababishi kikuu ni minyoo wembamba kama nyuzi, hasa Wuchereria bancrofti, wanaoenezwa na mbu.

Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, kisha hukusanywa na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo. Haina moyo wa kuisukuma: husogezwa na kujibana kwa mishipa yake na mwendo wa misuli, na vali ndogo huizuia isirudi nyuma. Minyoo waliokomaa hukaa humo miaka 6 hadi 8. Mishipa hutanuka, vali hazifungi tena, majimaji hubaki mguuni. Yakijikusanya kuzunguka korodani huitwa busha, nalo hutibiwa kwa upasuaji.

Lakini kinachoukuza mguu si mnyoo peke yake. Ngozi iliyovimba hupasuka, bakteria huingia, na kila homa inayofuata huzidi kuharibu mishipa na kuifanya ngozi iwe nene. Kuuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji, kuukausha vizuri katikati ya vidole na kuuinua wakati wa kupumzika hupunguza homa hizo hata kwa mgonjwa wa miaka mingi.

Dawa zinazogawiwa kwa umma, nchini Tanzania ivermektini na albendazoli, huua hasa vibuu walio katika damu. Hukata uenezi, ila mguu uliokwisha kuharibika haurudi ulivyokuwa. Kwa kuwa wengi huambukizwa utotoni, miaka kabla ya uvimbe kuonekana, hata anayejiona mzima hutakiwa kuzimeza.