Aksenti Ndogo, Mlango Umefungwa

Majina mengi ya ubatizo katika nchi yetu yanatoka katika Kifaransa: Béatrice, Noëlla, Hélène, Françoise. Mdomoni hayana shida. Lakini katika kompyuta, alama ile ndogo ya juu ya herufi inaweza kumfungia mtu mlango.

Tuseme mama anafungua konti kwenye telefone kwa jina «hélène». Kesho yake, kwenye kompyuta, anaandika «helene». Mashine inajibu kwamba jina halijulikani. Anazania amesahau neno la siri, kumbe neno ni lile lile. Kwa mashine é na e ni herufi mbili mbalimbali, kama vile a na o.

Shida hii ina mizizi ya zamani. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa ASCII, orodha ya kuipa kila herufi namba. Ilikuwa na nafasi 128 tu, na é haikuwamo. Nchi zingine zikajitafutia namba zao. Tangu 1991 kuna orodha ya dunia nzima, Unicode. Hata humo é inaandikwa kwa njia mbili: herufi moja nzima, ao e yenye kufuatwa na aksenti yake. Machoni zinafanana, lakini kuna programu zinazoona majina mawili. Na programu ikisoma kwa orodha ya zamani, Noëlla anakuwa «NoÃ«lla».

Tufanye nini?

Jina la kuingilia liwe na herufi a mpaka z na namba tu: helene, noella, francoise. Neno la siri nalo lisiwe na aksenti, kwa maana klavye ya Kiingereza haina kitufe cha é. Kama konti ilikwisha kufunguliwa na é, kwenye telefone finya e bila kuachilia, kisha chagua é. Kikundi chenye konti ya pamoja kiandike jina hilo katika daftari, herufi kwa herufi. Neno la siri lisiandikwe humo.

Lakini jina la kuingilia si jina la mtoto. Kwenye cheti cha kuzaliwa, orodha ya shule na diploma, aksenti ibaki vile wazazi walivyoandika. Mtoto akiandikishwa kwa mtihani wa taifa, mama aombe kusoma jina kabla orodha haijatumwa. Kusahihisha siku ile ni kazi ya kalamu. Kusahihisha diploma ni safari za ofisi na feza.